Titi Moja au Yote Mawili? Ukavu na Muwasho wa Ngozi ya Chuchu

Yapo maradhi ambayo mgonjwa huyataja mara tu anapoketi mbele ya mhudumu wa afya, na yapo ambayo huyataja akiwa amekwisha kuaga, mkono wake uko mlangoni. Muwasho wa chuchu ni wa kundi la pili. Mama aliyempeleka mtoto kliniki Mlandizi, wilayani Kibaha, au katika zahanati ya kijiji wilayani Kisarawe, huweza kungoja zamu yake tangu asubuhi. Mtoto akapimwa uzito, akachanjwa, kadi ikajazwa, naye mama akarudi nyumbani bila ya kusema kwamba ngozi ya chuchu yake imekauka, inapukutika magamba na inamwasha hata hapati usingizi.

Sababu za ukimya huo zinaeleweka. Titi ni kiungo cha siri na cha heshima. Aliyevaa koti jeupe huenda ni kijana wa umri wa mwanawe. Chumba huenda hakina pazia, na benchi la wanaosubiri liko karibu na mlango. Tena muwasho si maumivu makali, na mtu huona haya kuuita ugonjwa. Basi hupita duka la dawa, hununua tyubu ya krimu, hupaka na kungoja.

Walio wengi hawapati madhara makubwa kwa kungoja huko, kwa kuwa sababu nyingi za ukavu na muwasho wa chuchu ni nyepesi na hutibika kwa gharama ndogo. Lakini ipo sababu moja, adimu, inayovaa sura ya ukurutu wa kawaida ilhali ni saratani. Hatua ya kwanza ya kuzitenga haihitaji mashine. Ni maswali mawili ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuyajibu: ni titi moja au yote mawili? Na hali hii imeanza lini?

Ngozi laini yenye kazi nzito

Ngozi ya chuchu na ya duara jeusi linaloizunguka ni laini na ina mishipa mingi ya fahamu. Hii ndiyo sababu muwasho mdogo mahali hapa husumbua kuliko muwasho wa mkononi au mguuni. Ndani ya duara hilo mna vinundu vidogo ambavyo wanawake wengi, hasa wajawazito, huviona vikikua wakadhani ni upele. Hivyo ni tezi za Montgomery, zilizopewa jina la William Montgomery, daktari wa uzazi wa Ireland aliyezieleza mwaka 1837. Kazi yake ni kutoa mafuta yanayoilainisha na kuilinda chuchu. Hazipaswi kukamuliwa wala kusuguliwa kwa dodoki.

Jambo jingine la kukumbuka ni rangi. Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya humwelekeza msomaji atafute wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Eneo lenye ukurutu huonekana jeusi kuliko kawaida, au la kijivu, au lenye rangi ya zambarau iliyofifia. Likikunwa kwa muda mrefu huwa nene na lenye mistari. Hata baada ya kupona, rangi huweza kuchukua miezi kurudi ilivyokuwa, na hilo peke yake si dalili kwamba dawa imeshindwa. Mhudumu anayesubiri kuona wekundu ataukosa ugonjwa. Anayetafuta magamba, unene, nyufa na majimaji, tena kwa mwanga wa dirishani huku akilinganisha titi na titi, atauona.

Sabuni, jasho na korosho

Sababu ya kawaida sana ni ngozi kuondolewa mafuta yake ya asili. Sabuni ya kipande ya kufulia, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo hiyo hiyo ya kuogea, ni kali kwa ngozi ya mahali hapa. Sabuni za dawa nazo hukausha. Wapo wanawake wanaomimina dawa ya kuua vijidudu katika maji ya kuoga, wakiamini kwamba titi la kunyonyesha lazima lisafishwe kwa nguvu kabla mtoto hajanyonya. Matokeo huwa kinyume cha nia yao: ngozi iliyovuliwa mafuta hukauka na kupasuka, na ufa huo ndio mlango wa vijidudu.

Hali ya hewa ya Pwani nayo ina mchango wake. Mwanamke anayefanya kazi kiwandani Zegereni, anayelima mihogo Mzenga au anayeuza matunda kando ya Barabara ya Morogoro huloa jasho mchana kutwa. Sidiria ya nailoni inayobana hulizuia jasho hilo lisikauke; chumvi yake huwasha, na mshono wa ndani husugua. Wakimbiaji, wake kwa waume, hupata michubuko ya chuchu kwa sababu ya fulana kusugua mwendo wote. Nguo mpya, zikiwemo kanga, huweza kuwasha zikivaliwa kabla ya kufuliwa, na vivyo hivyo nguo iliyobaki na sabuni ya unga kwa kutosuuzwa vizuri.

Kwa wakulima wa korosho, ambao Kisarawe wapo, liko jambo la ziada. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi na kuotesha malengelenge. Anayebangua korosho kwa mikono kisha akalishika titi ili anyonyeshe, bila ya kunawa vizuri, huweza kuyahamishia mafuta hayo kwenye chuchu. Utomvu wa mwembe, mti wa jamaa moja na mkorosho, huwawasha baadhi ya watu kwa namna hiyo hiyo. Mikono na inawiwe kwa sabuni na maji mengi. Sabuni ina nafasi yake kwenye mikono, si kwenye chuchu.

Pumu ya ngozi na mzio

Ukurutu wa chuchu mara nyingi huwapata watu wenye pumu ya ngozi, yaani wale ambao tangu utotoni hukauka na kuwashwa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, au ambao wao au ndugu zao wana pumu ya kifua au mafua ya mzio. Mwaka 1980 madaktari Jon Hanifin na Georg Rajka, walipopanga dalili za kuutambua ugonjwa huu, waliuweka ukurutu wa chuchu katika orodha ya dalili ndogo. Kwa baadhi ya wasichana na wanawake, chuchu huwa ndipo mahali pekee panapobaki na ukurutu baada ya sehemu nyingine kupona.

Ukurutu wa namna hii kwa kawaida hushika matiti yote mawili, ijapokuwa moja laweza kuzidi. Huja na kuondoka. Mara nyingi huanzia kwenye duara jeusi, na huweza kuiacha chuchu yenyewe ikiwa salama. Muwasho huwa mkali, na ngozi huweza kutoa majimaji na kushikamana na nguo.

Mzio ni ndugu wa karibu wa hali hii. Manukato, losheni, marashi, plasta, hata krimu zinazouzwa kwa ajili ya kulainisha chuchu huweza kuwa chanzo. Lanolini, mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo, huwasaidia akina mama wengi lakini wachache huwapa mzio. Kanuni ni rahisi: kitu chochote kilichoanza kupakwa siku au wiki chache kabla ya muwasho kiachwe kwanza, ndipo tiba nyingine ifikiriwe.

Ujauzito na kunyonyesha

Wakati wa ujauzito matiti hukua na ngozi hutanuka. Ukavu na muwasho wa kiasi, ulio sawa pande zote mbili na usio na vidonda, ni jambo la kawaida na hutulizwa kwa mafuta yasiyo na manukato. Hapana haja ya kuzisugua chuchu kwa kitambaa kigumu ili “zikomae” kabla ya kujifungua. Desturi hiyo, ambayo baadhi ya wazee hufundisha kwa nia njema, huichubua ngozi na haimkingi mama na maumivu ya baadaye.

Baada ya kujifungua, chanzo kikuu cha vidonda na nyufa za chuchu ni jinsi mtoto anavyolishika titi. Mtoto akiishika ncha ya chuchu tu, huivuta na kuisaga kwa ufizi. Dalili nne humjulisha mama na muuguzi kwamba mtoto ameshika vizuri: mdomo wake umefunguka sana; mdomo wa chini umepinduka nje; kidevu kinagusa titi; na sehemu ya duara jeusi inayoonekana juu ya mdomo wa mtoto ni kubwa kuliko inayoonekana chini. Kama mama anaumia muda wote wa kunyonyesha, aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo wa mtoto ili amwachishe taratibu, kisha amshikishe upya. Kumvuta mtoto ghafla huongeza ufa.

Chuchu yenye ufa haimlazimishi mama kuacha kunyonyesha. Wizara ya Afya, kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, hushauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo na aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mama aanze na upande usiouma sana, apake matone ya maziwa yake kwenye chuchu baada ya kunyonyesha na kuacha yakauke. Akipata homa, na sehemu ya titi ikawa ngumu, yenye joto na inayouma, hilo ni ambukizo la titi, na afike kituoni bila ya kuchelewa.

Kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, ufa wa chuchu una uzito zaidi, kwa sababu chuchu inayotoa damu na titi lenye ambukizo huongeza hatari ya mtoto kuambukizwa. Mama huyo aendelee na dawa za kufubaza virusi bila ya kukosa, amnyonyeshe mtoto kwa titi lililo salama, akamue na kumwaga maziwa ya titi lenye jeraha hadi lipone, na amwone mtoa huduma siku hiyo hiyo. Hapaswi kumwanzishia mtoto uji au maziwa mengine kwa kujiamulia.

Mtoto anapoanza kula vyakula vingine, mabaki ya uji, mboga au matunda mdomoni mwake huweza kuiwasha ngozi ya chuchu. Kumpangusa mtoto mdomo kwa kitambaa chenye maji safi kabla ya kunyonya hutosha kuondoa tatizo hilo.

Utando mweupe na muwasho wa usiku

Mama anayenyonyesha akihisi chuchu zinawasha na kuchoma, hasa baada ya kipindi cha kunyonyesha bila maumivu, na mtoto akawa na utando mweupe mdomoni usiofutika kwa urahisi, mhudumu afikirie fangasi. Hapo hutibiwa wawili kwa pamoja: mtoto kwa dawa ya matone ya mdomoni kama nistatini, na mama kwa krimu ya fangasi inayopakwa baada ya kunyonyesha. Akitibiwa mmoja tu, mwingine humrudishia. Hata hivyo, si kila chuchu inayochoma ina fangasi. Kabla ya kuandika dawa, muuguzi atazame kwanza mtoto anavyonyonya.

Muwasho unaozidi usiku una jambo lake. Upele unaosababishwa na vidudu vidogo vinavyochimba chini ya ngozi hupenda katikati ya vidole, viganjani, kiunoni, makwapani na, kwa wanawake, kuzunguka chuchu. Swali la kuuliza ni hili: nani mwingine nyumbani anajikuna? Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na sababu moja ni kwamba hauishi kwa kumtibu mtu mmoja. Nyumba nzima hutibiwa siku moja, hata wasiowashwa. Nguo na mashuka hufuliwa na kuanikwa juani. Mama anayenyonyesha aliyepakwa benzili benzoeti au pemethrini aioshe dawa hiyo kwenye matiti kabla ya kumpa mtoto titi, na dawa ya mtoto mchanga ipangwe na mtaalamu.

Alichokiona James Paget

Mwaka 1874 daktari wa upasuaji James Paget, wa Hospitali ya St Bartholomew’s jijini London, alichapisha maelezo ya wanawake wapatao 15. Wote walianza kwa ngozi ya chuchu iliyofanana na ukurutu. Wote baadaye walipata saratani ndani ya titi, na haikuzidi miaka miwili tangu ngozi ilipoanza kubadilika. Ugonjwa huo hadi leo unaitwa ugonjwa wa Paget wa chuchu.

Ni ugonjwa adimu. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya titi, huwapata kati ya 1 na 4. Lakini uadimu wake ndio unaoufanya usahaulike. Huanzia kwenye chuchu yenyewe, kisha hutambaa hadi duara jeusi. Kwa kawaida hushika titi moja. Ngozi huwasha au kuchoma, hutoa magamba, hupata kidonda chenye gaga ambalo likibanduka huacha unyevu au damu. Chuchu huweza kubonyea au kuingia ndani. Wagonjwa wengi huwa na saratani nyingine ndani ya titi hilo hilo, hata kama mkono hauhisi uvimbe. Wanaume nao wana matiti, na ingawa ni wachache zaidi, ugonjwa huu huwapata.

Kinachopotosha ni kwamba jeraha la Paget huweza kutulia kwa muda likipakwa krimu ya steroidi. Magamba hupungua, mgonjwa hufurahi, mhudumu huandika kwamba amepata nafuu. Wiki chache baadaye hurudi, tyubu ya pili hununuliwa, kisha ya tatu. Huku nje ngozi inapoa na kurudi, huku ndani ugonjwa unaendelea. Nchini Tanzania saratani ya matiti ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa wanawake, na wagonjwa wengi hufika hospitalini ikiwa imekwisha kuenea. Chuchu ni mahali ambapo ugonjwa hujionyesha wazi mapema, na nafasi hiyo ni hasara kuipoteza.

Tyubu yenye dawa tatu

Katika maduka mengi ya dawa hupatikana krimu zilizochanganywa dawa tatu ndani ya tyubu moja: steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria. Umaarufu wake unatokana na dhana kwamba moja kati ya tatu haikosi kupiga shabaha. Ukweli ni kwamba steroidi hutuliza muwasho upesi, na kwa hiyo huficha sura ya ugonjwa wowote uliopo. Fangasi huweza kusambaa chini ya utulivu huo. Ngozi ikipakwa steroidi kali kwa miezi huwa nyembamba, hupata mistari na kuchanika kirahisi. Kwa mama anayenyonyesha, mtoto huimeza dawa iliyobaki kwenye chuchu.

Krimu za kujichubua, maarufu kama mkorogo, zina hatari hiyo na zaidi. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Mwanamke anayezipaka kifuani na shingoni huweza kuzifikisha kwenye chuchu bila ya kukusudia, na kwa mtoto kupitia kwenye ngozi ya titi.

Haya hayana maana kwamba steroidi ni sumu. Kwa ukurutu uliothibitika, krimu nyepesi kama haidrokotisoni ya asilimia 1, ikipakwa kidogo kwa siku chache kwa maelekezo ya mtaalamu, ni tiba nzuri. Anayenyonyesha huipaka mara baada ya kunyonyesha, na huipangusa iliyobaki kabla mtoto hajanyonya tena. Tofauti ya dawa na madhara hapa ni aina, kiasi na muda.

Utunzaji wa nyumbani

Kwa ukavu na muwasho wa matiti yote mawili, usio na kidonda, damu wala uvimbe, hatua zifuatazo hutosha kwa wengi:

Chuchu zioshwe kwa maji matupu wakati wa kuoga, bila sabuni wala dodoki, na maji yasiwe ya moto.

Ngozi ikaushwe kwa kubonyezwa na kitambaa laini, isisuguliwe. Ikiwa bado na unyevu kidogo, ipakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kwa tabaka jembamba, mara mbili au tatu kwa siku. Anayenyonyesha apake baada ya kunyonyesha.

Sidiria iwe ya pamba, isibane, na ibadilishwe kila inapoloa jasho au maziwa. Vitambaa vya kuzuia maziwa visiachwe na unyevu.

Nguo mpya zifuliwe kabla ya kuvaliwa, na nguo zote zisuuzwe hadi povu liishe.

Kucha zikatwe. Muwasho ukizidi, kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kikibonyezwa mahali hapo kwa dakika chache hutuliza kuliko kukuna.

Losheni, marashi na krimu zote nyingine ziachwe kwa wiki 2, ili ijulikane kama mojawapo ndiyo iliyokuwa chanzo.

Wiki 2 ndiyo mipaka ya kujitunza. Ngozi isiyoonyesha nafuu baada ya hapo inahitaji kuonwa. Na zipo dalili ambazo hazingoji hata wiki moja: jeraha la titi moja lenye gaga au damu, chuchu iliyoingia ndani ilhali zamani ilikuwa nje, majimaji yenye damu yanayotoka yenyewe, uvimbe titini au kwapani, ngozi ya titi iliyokunjamana au yenye vishimo kama ganda la chungwa, na titi lenye joto na maumivu pamoja na homa.

Maswali ya mhudumu

Mgonjwa asiposema, mhudumu aulize. Swali fupi mwishoni mwa kila huduma ya kliniki huokoa muda mrefu wa baadaye: “Mama, matiti yako yana shida yoyote? Hayawashi, hayana kidonda?” Likiulizwa kwa kila mama, hakuna anayejiona ametengwa. Likiulizwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa, hujibiwa. Bibi aliyekwisha kuacha kuzaa haji kliniki ya mtoto, naye ndiye aliye katika umri wa hatari zaidi. Aulizwe anapokuja kupima shinikizo la damu au kumleta mjukuu. Ruhusa iombwe kabla ya kumgusa, na akitaka kuonwa na mwanamke mwenzake, atafutiwe.

Kisha yafuate maswali yenye mpangilio. Ni titi moja au yote mawili? Limeanza lini? Limeanzia kwenye chuchu au kwenye duara jeusi? Limewahi kupona kabisa, au hutulia na kurudi? Umepaka nini mpaka sasa? Nani mwingine nyumbani anawashwa? Majibu yaandikwe pamoja na tarehe. Matiti yote mawili yaonwe na kupapaswa, na makwapa pia. Anayepewa tiba ya ukurutu apewe tarehe ya kurudi baada ya wiki 2, na mwenye tatizo la upande mmoja asiachiwe kurudi “akiona haliponi”, bali ahimizwe kurudi hata akiona limepona.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kungwi na wanawake wazee wanaoheshimika mtaani wana nafasi yao. Katika jamii ya Wazaramo, kungwi ndiye aliyemfunda mwali mambo ya mwili wake. Neno moja kutoka kwake, kwamba chuchu isiyopona haifichwi, husikilizwa kuliko bango la ukutani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hapa anayeficha hupoteza zaidi.

Njia ya kutoka kijijini

Jeraha la titi moja lililopita wiki 2 au 3 bila kupona kwa tiba sahihi linahitaji kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi wa maabara. Hufanywa kwa ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo. Wapo wanaoogopa kwamba nyama ikiguswa kisu saratani husambaa. Kipimo hicho hakiisambazi saratani. Kinachoipa nafasi ya kuenea ni miezi ya kupaka krimu bila ya kujua kinachotibiwa. Pamoja nacho hufanywa ultrasaundi au mamografia ili kutazama ndani ya titi.

Kwa mkazi wa Magindu au Kwala, njia huanzia zahanati na kituo cha afya hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi, mjini Kibaha. Kwa mkazi wa Maneromango au Chole, hupitia Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe. Kutoka hapo rufaa huweza kufika Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road, zote jijini Dar es Salaam. Kwenye ramani umbali huo si mkubwa. Kwa mtu anayetoka shambani, mwenye nauli ya kuungaunga na watoto wa kuacha, ni safari ya kupanga. Kwa hiyo barua ya rufaa iandikwe kwa ukamilifu, ieleze upande wa titi, muda wa jeraha na dawa zilizokwisha kutumika, ili mgonjwa asirudishwe kwa kukosa maelezo. Mhudumu aliyemwandikia aweke jina lake katika daftari la ufuatiliaji, na baada ya wiki moja aulize kama alifika.

Wengi watakaotazamwa watakutwa na ukurutu, au ufa wa kunyonyesha, au upele wa nyumba nzima, nao watapona. Mmoja mmoja atakutwa na kile alichokieleza Paget. Akikutwa mapema, kabla saratani haijatoka ndani ya titi, upasuaji na tiba nyingine vina nafasi kubwa ya kumponya. Mama aliyeshika kitasa cha mlango, ambaye bado hajasema, huenda akawa yeyote kati yao. Ndiyo maana kabla hajatoka ni vyema akaulizwa: ni titi moja, au yote mawili?